Begi Lililokatwa Kiuno

Kichwa cha Kristiana kilikuwa ndani ya begi. Aliyetazama kwa mbali, pale kwenye marobota ya mitumba mjini Sumbawanga, aliona mwanamke aliyefunga koti hadi kidevuni kwa baridi ya asubuhi, na juu ya koti hakuna uso, ni turubai tu la kijani kibichi. Vidole vyake vilikuwa humo ndani vinasoma mishono, polepole, kama vya mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo.

"Mama Anjela," Modesti, mwenye mitumba, akamwita, "unanunua begi au unakagua ini la ng'ombe machinjioni?"

"Uso wa begi waachie wateja wako," sauti ikajibu kutoka ndani. "Mimi natafuta tabia. Na tabia hukaa tumboni."

Miguuni pake yalilala yaliyokwisha kushindwa. Modesti aliyasifu yote kwa nchi zake, kama mshenga anayetaja koo: hili la Ujerumani, lile la Ufaransa, lile jingine la Uswisi, Wazungu huko huyapandia milima ya theluji. Kristiana alimkuta Mjerumani zipu imeng'oka meno. Mfaransa alikuwa mzuri wa rangi, lakini kitambaa chake kilipitisha mwanga wa jua. Huyo, alisema, alikuja harusini, hakuja kazini. Mswisi alikuwa na nembo nyekundu iliyoshonwa kwa uzi mpya. Kristiana aliitia ukucha, ikabanduka.

"Huyu Mswisi kazaliwa jana," akasema. "Na mkunga wake namjua."

Modesti alicheka hadi akashika mbavu. Mtu aliyeumbuliwa kwa utani hana pa kupeleka hasira.

Aliyekuwa hacheki ni Baltazari, mdogo wake Kristiana, aliyekaa juu ya kreti la soda na vidole gumba vyake vimetiwa kwenye mkanda wa suruali. Mkanda huo ulikuwa wa ngozi ya Italia. Aliletewa na padri aliyekwenda Roma, na hapakuwa na mtu wa Mollo, kijijini kwao, asiyejua habari hiyo.

"Dada, twende nyumbani," alisema. "Mtu mzima na begi la mwanafunzi! Duka langu lina kiti, lina kivuli. Utakaa, utapima sukari, utapumzika."

Kristiana akatoa kichwa begini. Neno *utapumzika* lilimkwaruza kuliko baridi. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa ameshuka kwa miguu kwenye vitongoji vya ziwani, huko mbele ya kijiji cha Wampembe ambako njia humchukua mtu mmoja mmoja, kichwani amebeba sabuni, betri, uzi na sindano za kushonea nyavu, akapanda tena na samaki wakavu wa migebuka. Njia hiyo ilimzika mume na haikumzika yeye; ilimsomeshea binti yake Anjela; ilimfundisha kucheka kabla hajachekwa. Kisha, msimu wa mvua uliopita, aliteleza na mzigo ukamshukia shingoni. Daktari alitazama picha, akasema kwa upole: kichwani usibebe kitu tena, hata ndoo ya maji. Basi akahamia mgongoni. Mabegi matatu yakamsaliti, yote mapya ya dukani, yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi. La mwisho lilikatikia katikati ya mteremko, na betri zake zikaenda bondeni zikirukaruka kama nyani. Watu wa ziwani walikuwa wakimngoja Jumatatu. Asipotokea, walisema, watamkaribisha mchuuzi mwingine mwenye miguu.

"Nisikilize," Baltazari akasema, sasa kwa sauti ya kusikiwa na soko zima. "Wasije wakasema nilimfunga dada yangu. Ukipata leo begi litakalobeba kilo ishirini na tano bila kukuumiza shingo, nami nitakutolea chochote utakachopungukiwa. Chochote! Ila jua likifika utosini hujalipata, tunarudi wote Mollo, na habari za ziwani zinaishia hapa."

"Modesti, umesikia?"

"Nimesikia, mama. Na marobota yamesikia."

Kristiana akarudi kwenye lile la kijani. Halikuwa na nembo. Ilikwisha kulika zamani. Lakini mishono yake ilikuwa imepitiwa mara mbili, na mgongoni mwake mlipita vyuma viwili vyepesi vilivyopinda kama mbavu. Ndani, kwa wino uliofifia, mtu aliandika jina lake, na kwenye mikanda ya mabegani palibaki chumvi nyeupe ya jasho. Mtu huyu, Kristiana aliwaza, alitembea. Hakupiga picha, alitembea.

Wakaenda kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, wakapima maharage kilo ishirini na tano, wakayatia begini. Modesti akamsaidia kulivaa. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya tatu, mikanda ikamvuta mabega nyuma, na ule uchungu wa zamani ukapanda shingoni kama siafu. Macho yakamjaa maji. Akajitahidi wasiyaone, Baltazari akayaona.

"Tua, dada," alisema, na safari hii hakusema kwa kejeli. Upole wake ndio uliouma zaidi.

Kristiana hakutua. Bila kufikiri, mikono yake ilirudi nyuma ikalipandisha begi kwa chini, vile mama anavyompandisha mtoto aliyeanza kuporomoka mgongoni. Uchungu ukakatika. Akaachia, siafu wakarudi. Akapandisha tena, wakaondoka. Akasimama vivyo hivyo, mikono kiunoni, akikumbuka jinsi alivyomfunga Anjela kwa kitenge akashinda naye shambani kutwa nzima analima. Hakumfunga mabegani hata siku moja. Mtoto hubebwa na nyonga.

Akapapasa chini ya begi, kushoto na kulia. Vidole vikakutana na vigutu viwili vya mkanda mnene, vimekatwa kwa kisu.

"Modesti. Hapa palikuwa na nini?"

"Hapo? Mikanda ya tumbo. Naikata yote, mama. Wanafunzi wanasema inawafanya waonekane wajawazito."

"Wewe mtoto!" Kristiana akacheka, na kicheko kilikuwa na makali. "Umemkata ng'ombe miguu, kisha unamsifia mbio. Mkanda wa hili uko wapi?"

Modesti akakuna kichwa. Alikuwa ameshauuza. Kisha akanyoosha kidole, kwa aibu, hatua chache tu kutoka kwenye mizani, uliposimama mkokoteni wa mzee Masunga, mfugaji aliyehamia Ufipa na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Maksai wa kulia alikuwa amevaa shingoni mkanda mpana wa kijani, wenye sponji na kibano cheusi, na kengele inaning'inia.

"Shikamoo, mzee Masunga."

"Marahaba, mayo, mama yangu. Naona umebeba kilima."

"Nakuomba shingo ya ng'ombe wako."

Mzee akasikiliza kisa chote, akatikisa kichwa. "Huu sikupi. Dume hili limekata kamba tatu na mnyororo mmoja. Huu limeushindwa. Labda unipe wenye nguvu kama huu." Macho yake yakatembea, yakamfikia Baltazari, yakashuka taratibu hadi kiunoni pake, yakatua. "Ule, kwa mfano."

Baltazari akaufunika mkanda wake kwa viganja.

"Dada," Baltazari alisema, "huu ni wa Italia."

"Na ule wa ng'ombe ni wa ughaibuni huko huko. Inafaa kubadilishana."

"Dada, suruali hii ni pana."

"Una mikono miwili, mdogo wangu. Chochote, ulisema. Marobota yalisikia."

Maksai akavishwa Italia, na Kristiana akakaa chini akaushona ule wa kijani begini mwenyewe, kwa sindano yake ya nyavu na uzi ule ule aliowauzia wavuvi miaka yote bila kurudishiwa hata kipande. Alipitisha mara mbili, kisha ya tatu. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kufika utosini alipovaa begi, akafunga kibano chini ya kitovu, akakaza. Mzigo ukashuka mgongoni, ukatafuta nyonga, ukakaa. Alitembea hadi mwisho wa soko akarudi. Baltazari alimtazama, mikono yote miwili imeshika suruali, na usoni mwake palikuwa na kitu kilichokaribia tabasamu.

"Likikatika tena?" aliuliza.

"Nina uzi."

Jumatatu, lori lilimshusha pale barabara inapochoka. Ziwa lilikuwa chini kabisa, la rangi ya chuma, na upepo ulipanda na harufu ya samaki. Kibano bado kilinuka ng'ombe. Kwenye mkanda palibaki pete ndogo ya chuma iliyokuwa imeshika kengele. Kristiana alikuwa amesahau kuitoa. Akaigusa, akaiacha.

Akakaza mkanda, akaweka mguu kwenye jiwe la kwanza. Pete ikalia, kidogo tu. Akasikiliza shingo yake. Kisha akaweka mguu wa pili.