Uvimbe Shingoni mwa Tabby

Huku Kiambere watu humwita Muriuki daktari, ingawa ni afisa wa kliniki tu mwenye vyumba viwili karibu na soko. Tabby, bintiye Veronicah, aliletwa kwake akiwa na miaka sita, kinundu katikati ya shingo kimeiva, chekundu. Muriuki alisema ni jipu. Akalipasua, akakamua usaha, akafunga bandeji.

Baada ya miezi minne kikarudi. Akapasua tena, na safari hii kidonda kikakataa kufunga; kikabaki kitundu kinachotoa ute siku nenda siku rudi. Darasani wenzake wakaanza kumhepa. Mtoto aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani akanyamaza kabisa.

Mwaka mzima ukapita Muriuki akibadilisha dawa. Mwishowe alimwambia Veronicah, "Mama Tabby, hii imenishinda. Twende Meru, nitawasindikiza."

Kule Meru, daktari wa upasuaji, mama mmoja aitwaye Karwirwa, hakuigusa shingo kwanza. Alichutama mbele ya mtoto. "Toa ulimi, mrembo. Utoe wote."

Tabby akautoa. Kitundu kikavutwa juu pamoja na ulimi.

"Ndani ya kitundu hiki kuna kifuko, alizaliwa nacho," Karwirwa alisema. "Kimeshikana na mfupa mdogo ulio chini ya ulimi. Ukikikamua tu, kitarudi. Tutakitoa chote na mfereji wake, pamoja na kipande cha katikati cha huo mfupa. Nani alimpasua?"

Veronicah alitazama sakafu.

"Ni mimi," Muriuki akasema.

Chuoni alifundishwa hayo: mwambie mtoto atoe ulimi, uone kama kinundu kinapanda nao. Ni jambo la nusu dakika. Lakini siku ile foleni ilifika nje, na yeye aliona usaha, hakuona zaidi.

Upasuaji ulichukua karibu saa tatu. "Makovu yale yamenitoa jasho," Karwirwa alimwambia Muriuki baadaye, kwa upole, na upole huo ukamchoma kuliko karipio.

Kidonda kilipona vizuri. Mwezi wa pili baada ya upasuaji Muriuki akaenda nyumbani kwao, akamkuta Veronicah akipepeta ndengu.

"Mama Tabby, nisamehe."

"Nilikusamehe pale uliposema ni wewe." Aliweka ungo chini. "Shingo imepona, daktari, Mungu ashukuriwe. Lakini kanisani bado anakaa nyuma, hafungui mdomo. Hilo sijui litatibiwa na nani."

Tabby akatokea na kuni mikononi. Alipomwona mgeni aliziangusha, akaifunika shingo kwa viganja viwili, akarudi mbio nyuma ya jiko.

"Tabby! Njoo usalimie!"

"Mwache," Muriuki akasema. "Tafadhali, mwache."

Chai aliyobandikiwa ilikuwa bado haijachemka. Akaaga, akaondoka, ili mtoto apate kutoka.