Mayai Yaliyooshwa

Kuku alimtazama Mwalimu Josaphat kama yeye mwenyewe alivyozoea kuwatazama watu: kwa jicho moja, la pembeni, pasipo kujisumbua kugeuza kichwa. Alikuwa amejaa ndani ya kikapu nyuma ya mlango wa jiko la uani, manyoya yametuna, shingo tupu na nyekundu kama ya mtu aliyenyolewa vibaya. Josaphat aliinama, akaona haya kuwa ameinama, akanyooka tena. Katika miaka kumi na miwili ya kukaa kwenye nyumba hiyo ya mtaa wa Vulamba, hii ilikuwa mara yake ya tatu kuingia jikoni, na mara mbili za kwanza alikuwa akitafuta mtu wa kumgombeza.

Alifundisha biolojia miaka thelathini na mmoja katika shule za sekondari za Butembo, akastaafu na hakika moja tu moyoni, kwamba mji mzima umeoza isipokuwa yeye. Aliwadharau wafanyabiashara waliopandisha ghorofa na hawakumaliza darasa la sita. Aliwadharau waendesha pikipiki na makoti yao ya mvua wakati wa jua. Lakini hakuna kiumbe alichokidharau kama kuku wa kienyeji, ndege asiyeruka wala kuimba, anayechakura jalala asubuhi na kupanda meza jioni. Mkewe Emérence alifuga tisa. Kwa ajili ya amani ya nyumba, Josaphat alikuwa ameamua kwamba hawapo. Kwamba chumvi, sabuni, na hata rangi ya viatu vyake mwenyewe vilitoka kwa kuku hao, hilo nalo aliamua kutolijua.

Jumamosi Emérence alipanda gari kwenda Beni kumchukua mama yake. Mama Godelive alikuwa amekimbia kijiji na shamba la kakao wauaji walipoingia, na sasa alikaa katika chumba cha kuazimwa. Josaphat alikuwa amesema maneno yake: nyumba yake si kambi. Emérence alimjibu kwa kufunga kilemba na kukaza fundo. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya mumewe, aliyeweka redio sikioni, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Papa Nadège, ule wa shingo uchi iko analalia. Mayayi yenye niliandika na makala ya moto, usiguse. Benzake banaendaka kutaga mu kikapu chake. Yenye haina alama, ile njo ya kula. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema, kwa sauti aliyowawekea wanafunzi wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni. Sauti ya mkewe kweli aliisikia. Maneno aliyaacha yapite.

Ndipo siku ya Jumanne, Lusenge akapiga simu kwamba atapita kumsalimu. Lusenge alikuwa mwanafunzi wake zamani, na sasa ni mkaguzi wa shule. Josaphat alipata kumpa alama nne juu ya ishirini, na hadi leo aliona kwamba siku ile alikuwa na huruma. Mtu kama huyo asingepaswa kukuta meza tupu. Mkate ulikuwepo, ilibaki mayai, na ndiyo sababu mwalimu mzima alikuwa amesimama mbele ya kikapu, akipimana nguvu na kuku.

Aliingiza mkono, akadonolewa. Akaingiza tena, akamsukuma ndege pembeni kwa kiwiko. Mayai kumi na matano, mengi yao yamechorwa misalaba ya makaa. Katikati ya majani makavu kulikuwa na msumari wenye kutu. Josaphat alicheka kwa pua. Aliijua hadithi ya msumari: vikongwe wa milimani husema kwamba radi ikipiga, mayai yasiyo na chuma kando yake huharibika. Na misalaba juu yake! Mama mkwe alikuwa bado Beni, lakini ushirikina wake ulikwisha kutangulia na kupewa chumba.

Alitupa msumari jalalani. Akayaosha mayai moja moja kwa sabuni na kitambaa, akasugua hadi lisijulikane hili na lile, akayapanga ndani ya beseni. Kuku naye alimpa dawa yake, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba homa ya kuatamia huzimwa kwa maji baridi. Alimzamisha ndooni hadi shingoni mara tatu, akamfunika kwa tenga nje penye kivuli, akaweka jiwe juu. Tangu lini kuku anaatamia, hakujiuliza. Yeye alimwona leo, basi kazi ilikuwa imeanza leo au jana. Mambo mengi ya dunia huanza siku Josaphat anapoyaona.

Lusenge alifika saa tano, koti limepigwa pasi. Josaphat alimkalisha kwenye mlango wa jiko, ili apike huku akisikilizwa. Aliwasha mbabula, akapuliza makaa, akazungumza juu ya kuanguka kwa elimu. Yai la kwanza likapasuka vizuri ndani ya bakuli. La pili pia. La tatu lilikuwa gumu kidogo. Aliligonga kwenye ukingo wa bakuli, ganda likagoma, akaligonga tena kwa nguvu ya mtu anayetazamwa.

Kilichoanguka juu ya viini viwili kilikuwa kifaranga. Kilikuwa kimeloa, kimejikunja, na shingo yake tayari haina manyoya. Kilifungua mdomo mara moja. Hakikuufunga.

Lusenge aliinuka, akachungulia bakuli. Hakucheka, na afadhali angecheka.

"Siku ya kumi na kenda, Prof," alisema polepole. "Ao makumi mbili. Ona lile jino juu ya mudomo, ya kupasulia ganda. Ulikuwa unatuchorea ile kila mwaka."

Ni kweli alikuwa akiichora. Yai zima ubaoni, kwa chaki za rangi nne, na utando wake na mishipa yake, mpaka darasa likapiga makofi. Josaphat alisema kwamba wanawake huacha mambo ya nyumbani bila maelezo. Kisha akasema kwamba hata hivyo mafuta yalikuwa ya zamani. Lusenge alikunywa maji, akakaa muda ambao adabu inadai, akaaga. Pale langoni alimshika mwalimu wake mkono kwa mikono miwili, kama mtu anavyoshikwa msibani. Kuhurumiwa na alama nne juu ya ishirini!

Alikuwa bado langoni simu ilipolia.

"Amekubali," alisema Emérence kutoka Beni. Sauti yake ilikuwa nyepesi, na Josaphat hakuweza kukumbuka mara ya mwisho kuisikia hivyo. "Mama amekubali. Tunakuja kesho na motoka ya Papa Bilali. Amekataa siku mbili muzima. Anasema mwanamuke wa umri yake hawezi kwenda kula bure kwa mukwe, kila siku kuomba chumvi. Njo nikamuambia, mama, ule kuku wa mbegu yako, wa mu nyumba yako, iko analalia. Bale batoto ba kuku ni bako. Utabafuga, utauza, utajinunulia chumvi. Akalia sana. Njo akakubali." Kisha akauliza: "Kuku iko muzuri?"

Josaphat alilitazama tenga lililofunikwa. "Iko," alijibu.

Alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatwa. Kwa haki yake mwenyewe ilimpasa kufurahi. Bila vifaranga kikongwe asingekaa, na asipokaa nyumba ingebaki ya mwenye nyumba. Hesabu hiyo ilimjia imekamilika, safi, haina kosa hata moja. Lakini neno la chumvi lilimkwama. Alikumbuka jinsi Emérence alivyokuwa akisimama mlangoni pa sebule zamani, mikono ameikutanisha, akisubiri redio imalize habari ndipo aseme kwamba chumvi imekwisha. Alikuwa akimwacha asubiri hata habari zilipokwisha. Mwaka alioleta kuku, mwanamke hakusimama tena pale. Josaphat alidhani ni yeye aliyemzoesha kubana matumizi. Sasa aliona, na alichokiona kilimchukiza. Dharau, ambayo siku zote alikuwa nayo nyingi ya kugawa, safari hii ilikosa pa kwenda ikabaki kwake.

Mtu pekee wa karibu aliyejua kuku alikuwa Hadjara, mke wa Bilali dereva. Walihamia kutoka Beni miaka minne iliyopita, na ua wao uligusana na wa Josaphat. Katika miaka hiyo minne Josaphat alichomsalimu nacho ni methali, tena kwa kuitupia hewani ili isikike upande wa pili: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Leo alivua kofia na kubisha hodi.

Hadjara alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. "Karibu, Prof," alisema, asiinuke.

Josaphat alieleza kama wanafunzi wanavyoeleza, akianzia makosa ya watu wengine na kumalizia kwa lake. Hadjara aliendelea kuchambua hadi mwisho.

"Uliosha na sabuni?"

"Na sabuni."

"Donc batoto uliwaogesha, na mama yabo ukamubatiza," alisema mwanamke wa Kiislamu, akaweka ungo chini. "Twende."

Alipasha maji, akayapima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga, akayamimina katika beseni pana. Kisha akashusha mayai kumi na mawili yaliyobaki, moja baada ya jingine. Matatu yalizama yakalala chini. "Hii ni ya kutagwa jana na juzi. Ya kula," alisema, akayatoa. Tisa yalielea, upande mnene juu. "Sasa usiguse beseni. Acha maji ilale."

Walichutama pande mbili za beseni. Maji yakatulia. Josaphat alijua jina la kila utando ulio ndani ya ganda, kwa Kifaransa na kwa Kilatini, wala hakujua kama alikuwa akitazama uhai au maiti. Magoti yalimuuma.

Yai moja likatikisika.

Lilitikisika kidogo sana, kiasi cha kusukuma duara moja jembamba la maji hadi kwenye ukingo. Josaphat alifikiri ni upepo. Kisha jingine likageuka ubavu, peke yake, hakuna aliyeligusa. Likafuata la tatu. Mwalimu alifunga mdomo kwa mkono. Baada ya muda mrefu yalikuwa yametikisika sita, na matatu yalibaki kimya hata maji yalipoanza kupoa. Hadjara aliyatoa hayo matatu, akayaweka pembeni juu ya jani la mgomba.

Kuku chini ya tenga alikuwa akitetemeka. Hadjara alimkausha kwa kitenge, akampasha kando ya mbabula, akamrudisha kikapuni juu ya mayai sita. Kuku akashuka. Wakamrudisha. Akashuka tena, akasimama ukutani na kumpa Josaphat kisogo.

"Toka inje, Prof," alisema Hadjara. "Mutu alikutesa, halafu anasimama anakuangalia, utalala na roho gani? Funga mulango."

"Na kama atakataa?"

"Ile utamuambia mama-mukwe weye mwenyewe."

Alikaa kizingitini, mgongo kwenye mlango, katika suruali yake ya kupokelea wageni. Ukungu wa alasiri ulishuka kutoka vilimani. Watu waliopita njiani walimwona, wengine wakamsalimu, naye akaitikia wote. Hadjara alipochungulia kwenye ufa alisema neno moja tu: analalia.

Kesho yake adhuhuri gari la Bilali lilisimama langoni. Mama Godelive alikuwa mdogo kuliko Josaphat alivyomkumbuka, furushi limefungwa mgongoni mahali pa mtoto. Alikaribishwa sebuleni, hakuingia. Aliwekewa kiti barazani, hakukaa. Walitaka kumpokea furushi, akalikaza. "Kwanza nione," alisema, akaelekea jikoni kana kwamba alizaliwa pale.

Emérence alimwinua kuku kidogo, na mara akasita. "Papa Nadège, alama iko wapi? Na ingine iko wapi?"

Josaphat alikuwa ameandaa sentensi ndefu, yenye mvua ndani yake, na paa linalovuja. Aliitazama mikono ya mkewe, akaiacha.

"Niliosha mimi," alisema. "Moja nilipasua. Tatu zilikufa. Kuku nilimutia mu maji ya baridi. Jana nilikudanganya."

Emérence alimshusha kuku taratibu juu ya mayai. Kikongwe hakugeuka.

"Ulifundisha batoto ba batu miaka ngapi?"

"Makumi tatu na moja, mama."

"Kumbe," alisema Mama Godelive. Lilikuwa neno dogo, tena alilitamka bila hasira, na Josaphat alilipokea lote lilivyo.

Mama Godelive aliingiza mkono chini ya kuku, ambaye hakumdonoa. Akatoa yai jeupe, safi kupita kiasi, akaliweka sikioni na kufumba macho. Wakasubiri. Pikipiki ilipita njiani na kelele zake, akangoja ipotelee mbali, akasikiliza tena. Kisha akaliweka yai juu ya benchi, kati yake na mkwewe, kwa kuwa alikuwa wa kizazi ambacho mama mkwe hampi mkwewe kitu mkononi. Akamwonyesha kwa kidevu.

Josaphat alilichukua kwa vidole vyote, akaliweka sikioni.

Mwanzo alisikia damu yake mwenyewe. Halafu, ndani kabisa, kitu kikagonga. Kikanyamaza. Kikagonga tena, na nyuma ya kugonga huko kukatoka sauti nyembamba ambayo hakuwahi kuichora ubaoni.

"Rudisha," alisema kikongwe. "Mikono yako iko baridi."

Alipiga magoti kwenye majivu na kuingiza mkono chini ya ndege. Kuku akamdonoa kwenye kifundo cha mkono, tena na tena, hadi damu ikatoka, naye hakuuondoa mkono mpaka yai lilipolala mahali pake. Nyuma yake alisikia fundo la furushi likifunguliwa, kisha kigoda kikivutwa juu ya sakafu, na pumzi ndefu ya mtu mzee anayekaa.