Kioo Kisichokunja Uso

Usiku wa jana niliota nimeitwa kazini siku ya sikukuu. Kazini kwetu tunapima vioo vya metali vya kutiwa ndani ya tanuri la nyuklia, lile linalounganisha viini vya atomi kama jua linavyofanya. Binadamu hawezi kuchungulia humo. Kioo ndicho kinachochungulia, kisha kinaurusha mwanga nje kwenye kamera.

Mlangoni ameketi mkuu wangu, Bi Saumu, amefungwa kitambaa machoni.

"Mwatumu," anasema, "kioo cha zamani kimepofuka. Moto umebaki peke yake. Moto ukiegemea ukuta, ukuta utatoboka."

"Tufanyeje, bibi?"

"Tafuta kioo kingine. Kikikosekana, anakaa mpimaji." Ananisogezea kigoda. Kimeandikwa jina langu.

Sikuona ajabu. Niliuliza tu kama kuna likizo.

"Hakuna. Ni kutazama mpaka kustaafu, bila kupepesa."

Nikageuka, na ofisi ilikuwa saluni. Vioo walikuwa wamepanga foleni, wakisubiri kuingia chini ya mashine ya kukaushia nywele. Mashine ile haikutoa hewa. Ilipuliza atomi, kama mchanga.

Wa kwanza alikuwa Fedha. "Mimi ndiye ninayeng'aa kuliko wote," alisema, na ilikuwa kweli. Mashine ikawashwa. Akapungua, akapungua, akabaki pete. Hakukasirika. Alisema pete nayo ni kazi, akajivingirisha mpaka nje.

Akafuata Molibdeni, metali ngumu, amekuja na ukoo mzima. Mwili wake ni punje nyingi zilizoshikamana, na kila punje ni ndugu. Mashine ilipopuliza, shangazi alichoka mapema, mjomba hakuchoka kabisa. Uso ukawa na mabonde kama mbuzi ya kukunia nazi. Nilijitazama humo nikaona pua yangu mahali pengi, na hakuna hata moja iliyokuwa katikati.

"Ukuta umeanza kunuka moto," Bi Saumu aliita.

Nikakaa kwenye kigoda. Niliogopa sana. Macho yangu hutoa machozi hata kwa kitunguu.

"Dada, hujaniuliza mimi," ilisema sauti kwenye kona. Alikuwa Molibdeni mwingine, mwembamba, anasukwa.

"Wewe una ndugu wangapi?"

"Sina. Mimi ni punje moja tu, toka utosini hadi kisiginoni."

"Kwa hiyo huchakai?"

"Nachakaa. Ila nachakaa sawasawa, ndiyo maana sikunji uso. Shida yangu ni vumbi la ukuta. Hunikaa usoni, nami sina mikono."

"Nitakufuta mimi," nikasema.

"Hata sikukuu?"

"Hata sikukuu."

Akainuka, nywele zake zimesukwa nusu. Saluni sasa iko ndani ya tanuri. Anasimama mbele ya moto, na papo hapo vumbi linamfunika shavu. Nalifuta kwa pindo la kanga yangu, polepole, kama mtu anavyomfuta mgonjwa. Mwanga unapita, unatoka nje.

Bi Saumu anafungua kitambaa chake. "Namwona," anasema. "Amekaa katikati, ametulia." Anauzungumzia moto kama mtoto aliyeshukwa na homa. Kisha anakikunja kigoda, anakitia mkobani. "Nenda nyumbani, Mwatumu."

Nililia kwa raha, na hicho kilio ndicho kilichoniamsha.

Mume wangu Kombo alikuwa amekwisha chemsha chai. "Unalia nini?"

"Nimepata mtu wa kazi."

"Wa kufua?"

"Wa kutazama."

Alikuwa akikunja kanga niliyolalia, akasita, akaisogeza dirishani. Pindoni palikuwa na doa jembamba lenye rangi nyingi, kama mafuta ya taa juu ya maji. Doa hilo nalijua. Hukaa juu ya vioo vyetu, na sijawahi kuliona mahali pengine.

"Litatoka kwa sabuni hili?" Kombo aliuliza.

Nikamwambia halitoki. Kisha nikanywa chai yangu mpaka ikaisha.