Sufuria Iliyobaki

Wanafunzi walimwita mkufunzi wao Mkasi, na hawakumsingizia. Ungempelekea kurasa kumi za jasho lako, akakurudishia sita na tabasamu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanasayansi chipukizi kuandika makala na kusimama mbele za watu bila kutia aibu, na tuseme ukweli, kazi aliijua.

"Nani kakwambia sufuria hizi zinadhuru watoto?" Mkasi alimuuliza mwanafunzi aliyeitwa Profesa, mbele ya darasa zima.

Profesa mwenyewe hakuwa profesa wa chochote. Lilikuwa jina la utani la nyumbani, tangu utotoni alipokuwa akisoma hadi maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Sasa alikuwa mtafiti mchanga asiye na ajira ya kudumu, na alikuwa amepima zile sufuria za bei nafuu zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa. Alichemsha humo maji ya ndimu, akayapima, akakuta madini ya risasi ya kutisha.

"Vipimo vimeniambia," alijibu.

"Vipimo vimekwambia kuna risasi kwenye maji. Mtoto umempima? Hujampima. Basi andika: huenda zikachangia. Na umalizie kwamba utafiti zaidi unahitajika." Mkasi akaikata sentensi ya Profesa kwa kalamu. "Na matokeo hayatoki nje ya chumba hiki mpaka makala ikubaliwe. Mkiyamwaga mitaani, jarida litawatupa nje."

Profesa akaandika. Tusimfiche, moyoni aliona raha, maana sentensi mpya ilisikika ya mtu aliyesoma, na makala ile ndiyo aliyoitegemea impatie kazi.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza. Sufuria zile alizinunua sokoni kwa mkupuo, zote za fundi mmoja, na baada ya kuchukua za kupimia ikabaki moja. Atupe kitu kizima? Alimpelekea dada yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemwachisha mtoto ziwa. Wakati huo vipimo vilikuwa bado kabisa. Dada akaifanya ya chakula cha mtoto, na mtoto mwenyewe, Kibonge, akawa anaigonga kwa kijiko kila akiiona inatua mezani.

Jumapili moja, mafunzo yakiwa katikati na majibu ya maabara ameshayaona, Profesa alikuwa jikoni kwa dada yake akikata nyanya. Dada akazizoa, akazitia kwenye sufuria ileile, akauliza kama mtu anavyouliza habari za kazi: "Hizo sufuria mnazopima, mdogo wangu, zimeonyesha nini? Hii yangu haina neno?"

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi: ichukue, itupe, mnunulie nyingine. Lakini sufuria ile haikupimwa, na mtu hawezi kukisemea kitu ambacho hakukipima. Ndivyo alivyofundishwa, na jamani, alikuwa amefundishika.

"Sampuli bado ni chache," alisema. "Huenda kuna uhusiano, ila utafiti zaidi unahitajika."

"Nawe na maneno yako ya redioni," dada akacheka. "Yaani haina neno."

Profesa akaendelea kukata nyanya zilizobaki.

Siku ya kuwasilisha utafiti mbele ya wakufunzi na wenzake, Profesa alisimama wima, sauti kavu, slaidi safi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akamuuliza kama anashauri sufuria hizo zipigwe marufuku. Alijibu kwamba data zake hazimruhusu kufika huko. Ukumbi ukampigia makofi, na Mkasi akamshika bega.

"Umeona? Hukuvuka mstari hata mara moja."

Alipowasha simu akakuta dada amempigia hadi amechoka.

Alimkuta wodi ya watoto. Wiki nyingi Kibonge alikuwa akikonda na kulia tumbo, na kila mtu, Profesa akiwemo, alisema ni meno. Asubuhi hiyo alikuwa ameshikwa na degedege. Damu ilishapimwa.

"Ina risasi nyingi mno," daktari alisema. "Dawa itaitoa kwenye damu. Kuhusu madhara ya ubongo, siwezi kuwaahidi kitu. Nyumbani mtoto anapikiwa kwa chombo gani?"

"Sufuria tu, daktari. Muulize mdogo wangu, ndiye aliyenipa, na kazi yake ni..."

Dada hakumaliza. Akageuka taratibu.

"Ulijua?"

Profesa alitaka kulia, alitaka kuanguka miguuni pake. Kilichomtoka mdomoni ni hiki: "Ile yako haikupimwa."

Ilikuwa kweli tupu. Mkasi asingekata hata herufi.

"Basi nenda kaipime," dada akasema. "Iko jikoni. Ina chakula chake cha asubuhi."

Kisha akainama kitandani, akaendelea kumwita mwanawe, na mtoto hakugeuka.