Nukta ya Pili Shambani

Ujumbe wa Mulwa ulikuwa mfupi: "Nimeacha kazi. Msinitafute." Ulimfikia bosi wao, Beryl, Ijumaa jioni, na kufikia Jumatatu ofisi yao ndogo ya upimaji wa ardhi pale Westlands ilikuwa imeshamlaumu na kuendelea na shughuli zake. Kavutha peke yake ndiye hakuridhika. Alikuwa amezunguka mashamba mengi na Mulwa, na hakumjua kuwa mtu wa kuondoka bila kuaga. Hata Syokimau, mkewe Mulwa, alikuwa amepokea maneno yale yale, herufi kwa herufi.

"Watu huchoka," Beryl alisema. "Nenda ukapime lile shamba la mizabibu alilopangiwa. Mteja anasumbua."

Shamba lilikuwa nyuma ya mtaa wa Mountain View, kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni. Pale juu ulisikia magari ya barabara kuu ya Waiyaki Way. Ukishuka kidogo, mizabibu ilimeza sauti zote. Mwenye shamba, mzee Muchiri, alimpokea langoni akitabasamu.

"Karibu, madam. Tulikuwa tumekata tamaa. Hakuna mtu amewahi kuja."

"Mwenzangu Mulwa hakufika?"

"Mulwa gani? Wewe ndio wa kwanza."

Kavutha akafungua programu ya ramani kwenye simu yake. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: unatembea ukifuata mpaka, GPS inasoma ulipo, na mstari unajichora nyuma yako. Wapimaji wakiwa wawili katika shamba moja, kila mmoja humwona mwenzake kama nukta yenye jina.

Ramani ilipofunguka, nusu ya mpaka ilikuwa imeshachorwa. Mstari ulianzia pale pale aliposimama, ukashuka kando ya ua hadi kona ya chini, ukakatika. Juu yake palikuwa na jina la Mulwa na tarehe ya Ijumaa.

Akaigeuza simu kifuani.

"Kuna shida?" Muchiri akauliza.

"Network tu, mzee."

Alianza kutembea. Hajafika mbali, nukta ya pili ikawaka katikati ya shamba. Mulwa. Programu ile hujiwasha yenyewe simu ikiwashwa, kwa hiyo simu yake ilikuwa imewashwa sasa hivi, humu humu ndani. Moyo ukamruka kwa furaha. Nusura aite.

Nukta ikaanza kusogea. Ilikata safu moja ya mizabibu, ikakata nyingine, ikimjia. Majani yakatikisika mbele yake, na aliyejitokeza alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa koti zito la mlinzi, simu ikichungulia mfukoni.

"Naitwa Haron," alisema. "Mzee amesema nikusindikize. Huku chini kuna nyoka."

Kavutha alimshukuru. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. Wakashuka pamoja, na kwenye kioo nukta mbili zikashuka bega kwa bega, jina lake na la Mulwa. Aliinamisha simu ili Haron asiione.

Kwenye kona ya chini ua wa zamani uliishia. Ng'ambo yake, hadi ukingo wa mto, kulikuwa na nguzo mpya, mbao zake bado nyeupe, na miche michanga ya mizabibu.

"Pita hadi majini," Haron alisema. "Shamba linafika huko."

"Lakini ua unaishia hapa. Hiyo ni ardhi ya mto, ya serikali."

"Hata yule mwingine alisema hivyo."

Haron akageuka upesi. Akamtazama usoni, kwa muda. Kavutha akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri.

"Sawa," alisema akiinuka. "Tufuate maji."

Akapita alipoambiwa apite. Miche ilikuwa imepandwa kwa nafasi sawa, isipokuwa mahali pamoja ambapo udongo ulikuwa umeinuka na mitatu imesongamana, kama iliyopandwa kwa haraka. Inzi walikuwa wengi. Hakusimama.

Langoni Muchiri aliitazama ramani ilivyofika hadi mtoni, akacheka kwa kuridhika. "Wewe unajua kazi. Benki itafurahi, mkopo wangu utapita."

Kavutha alitembea polepole hadi alipoiona barabara. Hapo ndipo alipokimbia. Kwenye kituo cha mafuta, akihema, alimpigia Beryl. "Fungua ramani ya lile shamba. Angalia nukta ya Mulwa. Tafadhali, usinikatishe."

Polisi walifika kabla ya jioni. Walimpata Mulwa chini ya ile miche mitatu. Haron alikamatwa akiwa na simu ya Mulwa, akasema alitumwa. Muchiri, aliyekamatwa pia, akasema hamjui mlinzi huyo vizuri, na baada ya wiki chache akatoka kwa dhamana. Siku ya mazishi Syokimau alimshika Kavutha mkono, hakuuachilia hadi watu walipotawanyika.

Kesi ilipokaribia, Kavutha, aliyekuwa shahidi, alikwenda Kenyatta Market kusukwa nywele. Nywele zikiwa zimesukwa nusu, mwanamke nadhifu asiyemjua akaketi kwenye kiti cha karibu.

"Wewe ndio Kavutha, si ndio?" alisema kwa upole. "Mzee Muchiri anakusalimia. Anasema kesi ni kitu ya kuchosha, na wewe bado una maisha mbele."

Mikono ya msusi ikasimama kichwani mwake. Kavutha alimfikiria Syokimau.

"Mwambie nimepata salamu," alisema. "Na mwambie tutaonana kortini."

Mwanamke akatabasamu, akachukua mkoba wake, akaenda zake bila haraka.

"Niendelee?" msusi akanong'ona.

"Endelea," Kavutha alisema. Lakini kwanza alikigeuza kiti, akaketi akiutazama mlango.