Shingo Chini ya Leso

Marereni jua lina ndugu pacha: mmoja hupiga kutoka juu, mwingine kutoka chumvini. Wapo wanaoapa kuwa kuku akikatiza kwenye mabwawa yale ya chumvi saa sita, hutokea upande wa pili amekwisha kaangwa, tena ametiwa chumvi ya kutosha. Ndiyo maana wanawake wa pale hujifunga leso kichwani, usoni na shingoni, yakabaki macho tu. Na macho yakiuma, kila mtu hujua sababu: ni chumvi.

Kadzo alikuwa akishona midomo ya magunia. Mwaka wa pili huo alikuwa akiona taa moja kama tano, na miwani alikuwa amebadilisha mara tatu. Alhamisi moja alishona gunia pamoja na leso yake mwenyewe. Aliposimama, gunia likasimama naye.

"Dada Kadzo," nyapara Musyoka akasema, "umeamua kuolewa na gunia?"

Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Kadzo hakucheka, wala hakukasirika. Alikata uzi akangoja.

"Jumatatu niletee barua ya daktari kwamba unaona," Musyoka akasema, kicheko kimemwisha. "Bila barua, kiti hiki nampa mwingine."

"Ni chumvi tu hiyo," Nelly, jirani yake wa kushona, akamnong'oneza. "Mwambie daktari aandike upesi."

Kesho yake Kadzo alikwenda Kilifi, kwa daktari wa macho aitwaye Waruguru. Chumba kilikuwa na joto, feni imekufa, na bado Kadzo alijikunyata ndani ya leso.

"Mama, unasikia baridi?"

"Kila siku."

"Hebu fungua hiyo leso kidogo."

Akafungua. Shingo ilikuwa imevimba mbele kama iliyomeza ndimu. Waliompa miwani wote watatu walikuwa wamemtazama macho, kwa kuwa ndiyo aliyowaonyesha.

Damu ikatolewa, macho yakapimwa kwa mashine. Alasiri Waruguru alimketisha.

"Konea, hii ngozi angavu ya mbele ya jicho, yako imekuwa nyembamba na kuchongoka. Miwani haitoshi. Tutajaribu kuizuia isiendelee, ila kilichoharibika hakirudi chenyewe. Na usiyafikiche macho tena. Halafu tezi yako ya shingoni imelegea, haifanyi kazi yake."

"Hiyo ndiyo iliyoharibu macho?"

"Wapo wataalamu wanaodhani mawili haya huandamana. Wengine hawakubali. Mimi sikuapii. Tezi tutaitibu hata hivyo."

"Sawa. Niandikie kwamba naona, daktari. Nisiposhona, sina kazi."

"Siwezi, mama. Nitaandika kwamba usishone, na kwamba unatibiwa."

"Basi kazi imekwenda," Kadzo akasema, kama anayetaja mbuzi wa jirani.

Waruguru akaweka kalamu. "Hulii?"

"Machozi hayaji. Mama yangu tulimzika Jilore mwaka jana, nikatazama tu. Watu wakasema nina moyo mkavu."

"Hata huo ukavu huenda ni tezi."

Kadzo akakigeuza mkononi kichupa cha vidonge vya tezi alichopewa. "Kwa hivyo nikimeza hivi, nitamlilia mama?"

"Huenda. Baada ya wiki kadhaa."

"Na kazi?"

"Na kazi pia."

"Nikimeza nusu, je?"

"Kizima, mama. Kila asubuhi kabla ya chai."

Jumatatu alfajiri alimeza cha tatu. Barua ilikuwa mezani, na jiko lilikuwa linawaka karibu yake. Angeweza kuitia motoni, aende akamwambie Musyoka daktari hakuwepo. Alikaa akiitazama hadi chai ikapoa, kisha akaitia kifuani.

Musyoka aliisoma mara mbili. Akavua kofia, akaikung'uta vumbi lisilokuwepo.

"Pole, dada yangu. Siwezi kukuacha uendelee kushona."

Kadzo akampa sindano na kibunda cha uzi. Nelly alimfuata hadi langoni, machozi yakimchirizika.

"Kadzo, husikii uchungu?"

Kadzo alijisikiliza kidogo.

"Bado," akasema.