Kamba za Viatu vya Heriberto

Ili Heriberto Oyarzo apate pa kulala chali sakafuni, ilibidi kwanza meza ipandishwe kitandani, viti viende bafuni, na mkewe Edelmira akasimame jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa la mtu mmoja, tena mtu asiyependa kugeuka. Ndivyo zilivyo nyumba za ghorofa walizojengewa watu wa Punta Arenas, mji ulio karibu na ncha ya kusini ya dunia: joto zinalo, nafasi hazina. Majira ya baridi watu hushukuru kwa hilo la kwanza na kunung'unika kwa la pili, na kule kusini majira ya baridi hayana haraka ya kwenda popote.

"Pandisha kiuno," Edelmira alisema kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Yule kijana wa hospitali alisema upandishe kiuno, hakusema utafakari."

"Nimepandisha."

"Hicho ulichopandisha ni nyusi."

Heriberto akacheka, na kicheko kikamchoma mgongoni, akalaani. Nje kulikuwa bado giza ingawa asubuhi ilishakwenda, na njia ya waenda kwa miguu iling'aa kwa barafu. Kijana wa hospitali alikuwa ameandika pia "matembezi ya kila siku." Bila shaka alikuwa mgeni, ametumwa kutoka kaskazini. Mtu wa umri wa Heriberto akitembea kwenye barafu ile mwezi wa sita anakwenda kuvunja nyonga, na upepo unamsaidia. Kwa hiyo mazoezi yote yalifanyika kati ya kitanda na hita, na ngazi za jengo ndizo zilizokuwa mlima wake.

Heriberto alikuwa mnyoaji wa kondoo. Kila Oktoba wanaume wa kazi hiyo huondoka mjini kwa makundi, wakaenda kwenye mashamba makubwa ya nyikani, banda moja baada ya jingine, na hawarudi mpaka Februari inakwisha. Edelmira aliolewa akijua hilo, kama mtu anavyojua kwamba maji ni baridi kabla hajatumbukia. Miaka thelathini alikuwa amemaliza kila kiangazi peke yake. Watoto wao wawili walizaliwa baba yao akiwa ameinama juu ya kondoo wa watu, wakakua, wakahamia kaskazini, na kiangazi kikazidi kuwa kirefu.

Safari hii Heriberto alirudishwa mapema. Aliinama vizuri tu, akashindwa kuinuka. Wenzake wakamlaza juu ya marobota ya manyoya nyuma ya lori, akafika mlangoni kwake amelala chali, anatazama mawingu. Tangu siku ile Edelmira ndiye aliyemvisha soksi, ndiye aliyepiga magoti kila asubuhi kumfunga kamba za viatu.

Na hizo kamba ndizo zilizokuwa kesi. Mkuu wa kikosi chao, Abelardo Mansilla, alikuwa na desturi yake. Kila Septemba alizunguka nyumba za wanyoaji wake kuchagua watu wa msimu. Aliketi, akapewa kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani ya kule, na mrija wake, akanywa, akasifu mkate. Halafu, badala ya kumuuliza mwanamume habari za mgongo wake, alimgeukia mke akamuuliza: "Shemeji, nani anamfunga kamba za viatu?" Abelardo aliamini kwamba mwanamume atadanganya kuhusu mgongo wake mpaka kaburini, lakini mkewe ndiye anayeinama. Mke akijibu "mwenyewe," jina limeingia. Akijibu "mimi," Abelardo anamaliza mate yake, anashukuru, anakwenda nyumba nyingine.

Wake wa wanyoaji hawakudanganya hapo. Mtu mmoja akianguka katikati ya msimu, kikosi kizima kinachelewa na kila nyumba inaumia. Kulikuwa na mmoja aliyewahi kudanganya, na mpaka leo wenzake wanamsalimia kwa mbali, kama mtu anayedaiwa.

Basi Heriberto alikuwa na majira mamoja ya baridi ya kujifunza kuinama.

Akiwa hafanyi mazoezi alikaa dirishani. Kati ya jengo lao na lile la mbele kulikuwa na upenyo, na ukiinamisha kichwa kidogo uliona kipande cha nyika nyeupe, mbali, si kikubwa kuliko kitambaa cha mezani. Heriberto alikitazama kipande hicho mpaka mate kibuyuni yanapoa. Wakati mwingine alisema, "Sasa hivi kule kondoo wamegeuzia upepo mgongo." Au alisugua tu viganja vyake. Viganja vya mnyoaji hulainishwa na mafuta ya manyoya, na kila Februari mume wa Edelmira alikuwa akimrudia na mikono laini ya kitoto na harufu ya kondoo isiyotoka kwa sabuni. Mwaka huu mikono ilikauka mapema, ikapasuka. Edelmira alimpaka mafuta ya kupikia, akaambiwa asante, si yenyewe.

Mwezi wa saba mazoezi ya hospitali yakawa hayatoshi. Heriberto akachukua gunia, akalijaza mchanga na nguo kuukuu, akalishonea ngozi mbili za kondoo. Likawa zito kama kondoo dume aliyeshiba. Alilikalisha matako chini, mgongo wa gunia ukiegemea magoti yake, akainama juu yake na mkono mtupu uliojifanya mashine ya kunyolea, akaanza tumbo, akaja paja, akapanda shingo, huku miguu yake ikisogea hatua ndogo ndogo kumgeuza mnyama ambaye hayupo. Kisha akaliangusha, akapumzika, akalikalisha tena. Usiku lililala kando ya kitanda, upande wa Heriberto, maana hapakuwa na pengine.

"Mke mwenzangu ameamka?" Edelmira aliuliza kila asubuhi.

"Ameamka, na hana kelele kama mwingine ninayemjua."

"Hana kelele kwa sababu humlazi njaa. Ameshiba mchanga."

Jirani wa chini, Danica, mjane mwenye sikio kali, alimsubiri Edelmira ngazini. "Jirani, mnachinja nini huko juu? Kila asubuhi puu! Taa yangu inacheza."

"Mume wangu ana mwanamke mwingine, jirani. Mzito."

"Basi mwambie amweke chini taratibu," Danica akasema, "na sisi wengine tuna mioyo."

Siku moja mshono ukaachia na mchanga ukamwagika mpaka chini ya hita. Heriberto akasimama katikati ya mchanga ule kama aliyefiwa. Edelmira alikuwa na unga mikononi. Hakujua mwenyewe kilichomsukuma, alikuja akaketi sakafuni mbele yake, akamgeuzia mgongo, akasema, "Haya, ninyoe mimi, lakini uangalie masikio."

"Wewe mwanamke una wazimu."

"Kondoo hajibishani."

Akamshika. Akamwegemeza kwenye magoti yake, mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine ukapita hewani juu ya tumbo lake, ubavu wake, shingo yake, na miguu ikamzungusha pole pole. Mwanzoni walicheka wote wawili. Halafu hawakucheka. Edelmira alisikia pumzi ya mumewe utosini, akahisi jinsi magoti yale yalivyojua kumbeba mtu asiumie, na akawaonea wivu kondoo wote wa miaka thelathini. Hakika aliwaonea wivu. Alipogeuzwa mara ya mwisho alifumba macho, akatamani msimu ule wa baridi usiishe.

Gunia lilishonwa kesho yake. Lakini kuna asubuhi Heriberto alilipita, akamtazama mkewe, naye Edelmira akavua aproni.

Mwezi wa nane, siku ya soko, Edelmira alifika chini ya ngazi akakumbuka glavu. Akapanda tena bila haraka. Mlango haukuwa umefungwa vizuri. Kupitia ufa alimwona Heriberto ameketi ukingoni mwa kitanda. Mumewe akainama, polepole, mpaka chini, akafunga kamba za kiatu cha kulia, akafunga za kushoto. Akasimama, akapiga hatua mbili, akatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Edelmira alitaka kuingia kwa vigelegele. Badala yake akashuka ngazi kadhaa kwa kunyata, kisha akapanda akikanyaga kwa kishindo. Alipofungua mlango kamba zilikuwa zimelegezwa, zinaburuta sakafuni, na mguu wa Heriberto umenyooshwa.

"Umerudi? Nisaidie basi, mke wangu."

Akapiga magoti. Alifunga kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kichwa chini, ili mumewe asione uso wake. Ikawa hivyo siku zote zilizofuata. Kila asubuhi mguu ulinyooshwa, na kila asubuhi alipiga magoti, na mkono wa mumewe ukatua begani kwake mpaka fundo likaze. Miaka thelathini ya ndoa, na hilo ndilo jambo tamu kuliko yote waliyowahi kufanya saa mbili asubuhi.

Septemba, barafu ilipoanza kuoza kandokando ya njia, Abelardo Mansilla akaja. Alikuwa mzee mnene mwenye adabu, akavua kofia, akalipita gunia akalipiga kofi dogo kama anavyomsalimia mnyama. Akapewa mate, akapewa mkate wa kukaanga na jemu ya kalafate, matunda meusi ya nyikani, akasifu vyote. Heriberto aliketi wima mno. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa vizuri. Edelmira alivifunga asubuhi hiyo hiyo.

"Shemeji," Abelardo akasema, "nani anamfunga kamba za viatu?"

Edelmira alikuwa amelisubiri swali hilo majira mazima ya baridi na bado lilimkuta hayuko tayari. Neno moja tu lilitosha, na wala lisingekuwa uongo. Angesema "mimi," na Heriberto angebaki. Wangekaa pamoja kwenye benchi la ufukweni Desemba, jua likichwa saa nne za usiku kama linavyofanya kule, wakila aiskrimu kama wenye wazimu kwenye upepo. Hakuwahi kukaa na mumewe kwenye benchi lile hata kiangazi kimoja. Alimtazama. Heriberto alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, si kwa aibu, bali kwa mazoea, upande ule unaoonyesha upenyo wa dirishani.

"Leo asubuhi nimemfunga mimi," alisema.

Abelardo akaweka kibuyu mezani taratibu. Heriberto alisugua viganja vyake mara moja, akaviacha magotini.

"Lakini kuweza anaweza," Edelmira akaendelea. "Tangu Agosti anajifunga mwenyewe nikiwa sipo. Nikipanda ngazi anazifungua."

Heriberto, mtu mzima mwenye mvi, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Anazifungua?" Abelardo akauliza. "Sasa kwa nini, shemeji?"

"Hilo, bwana Abelardo, si la kikosi."

Akaenda akapiga magoti, akavuta kamba zote mbili zikaachia, akarudi nyuma. "Mwonyeshe."

Heriberto akainama. Akafunga cha kulia, akafunga cha kushoto, akainuka bila kushika kitu. Abelardo alitazama viatu, akamtazama mke, akamtazama mume, akavaa kofia yake mapema kuliko ilivyo desturi. "Wiki ya pili ya Oktoba," alisema mlangoni. "Basi linaondoka alfajiri, pale pale." Na ngazini alisikika akikohoa kikohozi cha mtu anayetafuta pa kuweka uso.

"Ulijua," Heriberto akasema walipobaki wawili.

"Nilijua."

"Ungesema 'mimi' ukanyamaza, ningebaki. Nisingekulaumu, haki ya Mungu."

"Ungebaki dirishani," Edelmira akasema. "Huyo wa dirishani nimekaa naye. Simtaki." Kisha akalia, waziwazi, huku anatoa vyombo, na mumewe akaja kusimama nyuma yake jikoni, mahali ambapo wawili hawaenei, wakaenea.

Asubuhi ya safari anga lilikuwa limeshaanza kupauka. Begi lilikuwa mlangoni. Heriberto akaketi ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mguu. Edelmira akapiga magoti, akafunga, akakaza, akafunga fundo la pili juu ya la kwanza, kisha la tatu.

"Hilo nitalifunguaje?"

"Kwa meno. Utainama jioni mbele ya wanaume wenzako, uhangaike, uwaeleze nani kalifunga."

"Watanicheka."

"Wakucheke."

Aliporudi kutoka kituo cha basi alikuta chumba kimekuwa kikubwa. Meza ilikuwa mahali pake, viti mahali pake, na bado sakafu ilionekana wazi, kiasi cha watu kucheza dansi. Gunia lilikuwa limeketi pale pale upande wa Heriberto, kichwa kimelala. Edelmira alivua koti. Alijua yanayofuata: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari. Akaketi sakafuni, akaliegemezea gunia mgongo wake, akasubiri kidogo. Halikuwa na magoti.

"Haya, mke mwenzangu," akaliambia, akainuka, akalikamata chini ya kidevu na kulikalisha vizuri. "Katuacha wote wawili. Nyoosha mgongo."

Akainama, akaanza tumboni kama alivyofundishwa. Chini, Danica alisikia puu! ya kwanza, akatazama taa yake ikicheza, na safari hii hakulalamika.